Kabla Usharika Haujapokea Kinanda cha Mabomba Kutoka Ulaya

Sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania zina uhusiano wa miaka mingi na sharika za Ujerumani, na kwa kuwa baadhi ya makanisa ya huko yanafungwa au kuunganishwa, hutokea baraza la wazee likaahidiwa kinanda cha mabomba, yaani kile kinacholia kwa hewa inayopulizwa ndani ya mabomba, ambacho hakina tena pa kupigwa. Ni zawadi kubwa, nasi mafundi wa vinanda hufurahi kila tunapoombwa kukifunga. Ombi letu ni moja tu: tuitwe kulikagua kanisa kabla kontena halijapakiwa.

Kinanda hicho kililinganishwa sauti ndani ya jengo lenye nyuzijoto 18 hivi. Kikisimamishwa Tanga au Dar es Salaam kwenye nyuzi 30, noti ya “la” (A) yenye mitetemo 440 kwa sekunde hupanda hadi karibu 449. Mabomba yote yangepanda pamoja, waimbaji wasingepata taabu kubwa. Lakini yale yanayotoa sauti kwa ulimi mwembamba wa madini hayapandi kwa kiasi hicho, hivyo hugombana na mengine. Marekebisho yanawezekana, ila hufanywa bomba kwa bomba, na hata kinanda kidogo kina mabomba mamia kadhaa.

Unyevunyevu ndio tunaouhofia zaidi. Mbao zilizokaa miongo mingi katika kanisa linalopashwa moto wakati wa baridi zikifika pwani huvimba, gundi ya asili ya wanyama hulegea, ngozi za mivukuto huota ukungu, na vali zinazoruhusu hewa kuingia kwenye mabomba zinapokwama noti hulia yenyewe katikati ya mahubiri bila mtu kuibonyeza. Kisha kuna mchwa. Kwa hiyo tunapima unyevu wa ukuta na hewa, ikiwezekana masika na kiangazi, na tunashauri kinanda kisiegemee kamwe ukuta unaopigwa na mvua.

Umeme hausumbui sana, kwa kuwa Ujerumani na Tanzania hutumia hezi 50. Mota ya feni kutoka Marekani, iliyoundwa kwa hezi 60 na volti tofauti, ndiyo yenye matatizo. Urefu nao hupimwa mapema: bomba la besi la futi 16 huhitaji karibu mita 5, ingawa bomba lililozibwa juu hutoa noti ileile kwa nusu ya urefu huo.

Mkipewa nafasi ya kuchagua, chukueni kinanda ambacho vibonye vyake vimeungana na vali kwa vijiti vya mbao, hata kama ni kidogo kuliko kile cha nyaya na sumaku. Kijiti kikivunjika, seremala mwangalifu wa hapahapa anaweza kuchonga kingine.

Ili tuandae makadirio ya ukaguzi, tutumieni picha za ndani ya kanisa, vipimo vya jukwaa au roshani ya kwaya, na orodha ya mabomba kutoka kwa usharika unaotoa zawadi.