Klampu Uliyoikaza

Mwanangu mpendwa,

Kabla ya salamu, ujue jambo moja: klampu, ile pete ya chuma uliyoikaza kwenye mpira wa rejeta siku moja kabla hatujaondoka, haikulegea hata kidogo. Juzi tulipopata mtandao nilikuambia tu kwamba mpira wa rejeta umepasuka, simu ikakatika, na sauti yako ya mwisho ilikuwa ya mtu anayejilaumu. Imenikaa moyoni tangu hapo.

Ilikuwa saa nane mchana. Tulikuwa kwenye mchanga laini, gia ya pili, injini ikilia sana na gari likisogea kidogo. Upepo ulitoka nyuma kwa kasi ileile yetu, kwa hiyo rejeta haikupata hewa isipokuwa ya feni. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita mpaka mwisho, maana hita nayo hupunguza joto la injini, na mama yako akaivumilia hewa ile ya tanuri bila kusema neno. Ardhi ngumu tulikuwa tunaiona mbele yetu. Mara mvuke ukafoka, kioo kizima kikawa cheupe.

Nilizima injini. Mkono ulitaka kwenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta, nikauzuia. Nawe uuzuie wako siku yako ikifika. Mfuniko ule hubana maji makusudi ili yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua yangali moto, huchemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Tukangoja zaidi ya saa moja.

Tulitandika mkeka kwenye kivuli cha gari, na kivuli kiliposogea nasi tukasogea. Chuma cha injini kililia ti, ti, ti kikipoa, kisha nacho kikanyamaza. Sijawahi kusikia ukimya kama ule, mwanangu. Nilisikia mama yako akifunua ukurasa wa kitabu. Mdudu mmoja mweusi mwenye gamba alipita mbele ya miguu yetu akiacha alama mchangani kama mshono wa cherehani, tukamfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya jiwe. Mama yako alifua leso mbili kwa kikombe kimoja cha maji, akazitundika kwenye kioo cha pembeni, na kabla hajakaa vizuri zilikuwa zimekauka.

Injini ilipopoa niliuona ufa. Ulikuwa vidole viwili kutoka ncha ya mpira wa juu, pale unapoanza kujipinda, mbali na klampu yako. Raba ilikuwa imezeeka kwa ndani. Kwa nje bado iling'aa, na hakuna jicho ambalo lingegundua, si lako wala langu. Nikaikata ile ncha kwa kisu, nikauvuta mpira uliobaki, ukafika kwa shida, nikaubana kwa klampu ileile uliyoishika wewe. Ndiyo iliyotufikisha hapa.

Maji ya kuongeza yalitoka kwenye madumu ya kunywa. Mama yako alitenga kwanza yetu ya siku tatu, yaliyobaki ndiyo yakaenda kwenye rejeta. Tairi nazo nilizipunguza upepo karibu nusu ili zitandaze unyayo kama ngamia, tukautoka mchanga bila kuchimba.

Nilitaka tuendelee hadi giza, lakini mama yako aliomba tulale palepale. Alikuwa na haki. Hewa kavu bila wingu haishiki joto, jua lilipozama tu tukaanza kutafuta masweta. Tulikunywa chai mlangoni pa gari, blanketi moja mabegani kwetu sote wawili. Akanionyesha Kilimia, lile kundi la nyota, nikajaribu kuzihesabu, nikafika sita. Yeye alipata saba.

Sasa tumepumzika penye miti michache na ule mpira bado haujavuja. Lakini ukipata nafasi tutafutie mipya miwili, wa juu na wa chini, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Ile ncha niliyoikata nimeiweka kwenye droo ya vijiko. Nikifika nitaikunja mbele yako uone ufa ulipokaa.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako