Kabla hujanunua hiyo roboti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mtoto. Sisi huku wazima. Shaba, mbwa wangu, naye mzima, amelala chini ya meza miguuni pangu na anakoroma. Barua yako imenifurahisha mno. Nilijua tangu siku ile mlipokwenda kumtazama yule Labrador kwamba hamtarudi mikono mitupu, na sasa naona mmeshaanza kuokota manyoya kwenye nguo, kwenye mto, hadi kwenye chai. Karibu kwenye chama.

Unaniuliza kama roboti ya kufyonza vumbi inafaa kwa nyumba yenye mbwa anayepukutisha manyoya, au ni pambo tu la sebuleni. Inafaa. Mimi nisingependa kuishi tena bila hiyo mashine. Ila sitaki uuziwe mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nivumilie kidogo, maana hili jambo nalijali na wewe nakujali.

Manyoya ya siku moja si tatizo. Tatizo ni yale ya siku tatu nne, yakishaingia uvunguni na nyuma ya milango, yakajisokota na vumbi, yakawa mabonge yanayokimbia sakafuni kila mlango ukifunguliwa. Roboti inayopita kila siku huyawahi kabla hayajafika huko. Kazi yake ni hiyo hasa: kuzuia yasirundikane. Ukiiacha wiki nzima halafu ukaitegemea ifagie ya wiki nzima, itajaa ikiwa imefika nusu tu ya chumba na kusimama. Kikasha chake cha vumbi ni kidogo, mara nyingi kati ya mililita 300 na 500, na manyoya ni mepesi lakini yanakula nafasi. Kwa hiyo ipangie ipite kila siku, hata mara mbili msimu wa kupukutika ukifika, na usingoje uone uchafu kwa macho.

Na huo msimu utafika. Labrador ana koti mbili za manyoya, kama alivyo Shaba ambaye damu yake ya German Shepherd haijifichi: ya juu ngumu inayozuia maji, na ya chini laini kama pamba. Hiyo ya chini ndiyo inayobadilishwa kwa wingi, hasa urefu wa mchana unapobadilika katika mwaka. Mbwa wanaoishi ndani kwenye taa na joto lisilobadilika sana hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima. Ndiyo maana nakwambia kazi ya kwanza iko mgongoni mwa mbwa, haiko sakafuni. Kila fumba la manyoya unalotoa kwa brashi ukiwa nje ni fumba ambalo roboti haitalikuta ndani. Tafuta chanuo lenye meno ya kufikia manyoya ya chini, mchane kufuata yanavyolala, taratibu, ngozi isikwaruzike. Ukimwosha na kumkausha vizuri kisha ukamchana, utashangaa kinachotoka. Usije ukashawishika kumnyoa ili upunguze kazi. Koti lile linamkinga na jua na baridi, na kwa mbwa wa koti mbili mara nyingine manyoya hayarudi kama yalivyokuwa. Na ukiona amepukutika hadi ngozi inaonekana kwa mabaka, au anajikuna bila kupumzika, hiyo si kazi ya roboti wala ya brashi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa mashine yenyewe. Matangazo yanashindana kwa namba za nguvu ya kufyonza, paskali elfu kadhaa hapa, paskali elfu kumi na zaidi kule. Usinunue kwa namba hiyo peke yake. Kwenye nyumba yenye mbwa, kinachoamua ni brashi kuu iliyo tumboni mwa roboti. Igeuze juu chini pale dukani uitazame. Ya nywele ngumu husugua zulia vizuri lakini manyoya hujizungusha humo hadi brashi inakuwa kama kijiti kilichoviringishwa uzi. Ya mpira, au zile za mpira zinazozunguka mbili kwa pamoja, hazinasi kiasi hicho na husafishika upesi. Ningekuwa wewe ningechukua ya mpira bila kusita.

Hata ya mpira inahitaji mkono wako, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Toa brashi kwenye tumbo la roboti, vuta vile vifuniko vya miishoni. Ndani yake utakuta kipete cha manyoya kilichokazwa sana, kimebana kiasi kwamba ukikitoa kinabaki na umbo lake la duara mkononi. Ukikiacha, kinazidi kukaza, brashi inazunguka kwa shida, mota inapata moto, na plastiki ya pale pembeni inaweza kuyeyuka. Kata kwa mkasi mdogo, sambamba na brashi, kisha vuta nyuzi zitoke. Halafu geukia gurudumu dogo la mbele, lile linalojizungusha pande zote. Wengi hawajui kwamba linachomoka. Livute kwa nguvu kiasi, litatoka na mhimili wake, na kwenye mhimili huo utakuta manyoya yamejisokota na uzi wa zulia. Roboti inayoanza kwenda upande, au inayoacha michirizi sakafuni, mara nyingi inalalamikia gurudumu hilo tu. Brashi ya pembeni, ile yenye miguu kama buibui, nayo ina skrubu moja. Ifungue, safisha chini yake, irudishe.

Mimi kazi hii naifanya mwisho wa wiki nikiwa nimetandika gazeti kuukuu, redio ikiwa imewashwa, na siioni nzito. Ni fupi kuliko kufagia nyumba nzima kila jioni ukiwa umeinama na mgongo wako ule. Hilo ndilo badiliko lenyewe: unaacha kuisafisha sakafu kila siku, unaanza kuisafisha mashine kila wiki. Mtu asiyekuwa tayari kwa hilo asinunue, kwa sababu roboti isiyotunzwa kwenye nyumba ya mbwa haifiki mbali.

Kuna zile zenye kituo cha kuchajia kinachofyonza uchafu wenyewe kutoka kwenye kikasha hadi kwenye mfuko mkubwa. Kwa mbwa ni msaada wa kweli, lakini chungulia kikasha mara kwa mara. Manyoya ya chini hujibana yakawa kama kitambaa na kuziba ule mlango mdogo wa kutolea uchafu. Kituo kinafyonza vumbi, bonge linabaki pale pale, na roboti inazunguka siku nzima bila kuokota kitu huku wewe unaamini nyumba imefagiliwa.

Umesema shemeji anapiga chafya tangu mbwa aingie. Nisikudanganye, roboti haitamponya. Kinachomsumbua si unyoya wenyewe. Ni protini zilizo kwenye mate ya mbwa na kwenye vipande vidogo vya ngozi yake, ambavyo husafiri na manyoya na vumbi. Iliyo maarufu zaidi kwa wataalamu wa mzio inaitwa Can f 1. Kupunguza vumbi kila siku kunasaidia, na chujio zuri linasaidia zaidi. Chujio la HEPA la kweli hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, lakini si kila kinachoandikwa HEPA kwenye kasha ni hicho, kwa hiyo soma maelezo. Shemeji asiwe yeye anayemwaga kikasha. Mwage wewe, nje, na uligongegonge chujio huko huko. Kama chujio lenu ni la kuoshwa, liache likauke kabisa, saa 24 au zaidi, kabla ya kulirudisha. Likirudi na unyevu linanuka mbwa nyumba nzima na vumbi linaganda ndani yake. Na chumba cha kulala mbwa asiingie, hata akilia mlangoni. Najua utasema nina moyo mgumu, lakini mapafu ya shemeji ni ya shemeji.

Haya, tuje kwa Labrador mwenyewe. Kumbuka mbwa anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Sikio la binadamu hufika kama hetsi 20,000, la mbwa hufika kama 45,000, kwa hiyo mlio wa mota ambao kwako ni mvumo tu, kwake una tabaka nyingine za juu. Usimwashie ghafla akiwa amelala. Iweke roboti sebuleni ikiwa imezimwa, siku kadhaa, ainuse na kuizoea kama kiti. Kisha iwashe ikiwa chumba kingine huku ukimpa kitu anachokipenda kutafuna. Kisha ilete karibu, kwa nguvu ya chini kabisa, na mlango ukiwa wazi ili aweze kuondoka akitaka. Shaba mwanzoni alikuwa anasimama kizingitini masikio yamelala nyuma, haingii wala haondoki. Sikumlazimisha. Sasa roboti ikimkaribia anainua mkia tu, inapita, anaushusha. Labrador ni mchangamfu zaidi, wako huenda asiogope bali atake kuikimbiza na kuibwekea. Hilo nalo lizuie mapema kwa kumwita na kumtuza akiiacha, maana akizoea kuipiga kwa makucha utanunua nyingine.

Mbwa wenu ni mdogo bado, hivyo hili lishike sana: msiiwashe roboti usiku au mkiwa mmetoka hadi awe ameshajua kwenda haja nje bila kukosea. Roboti ikikuta kinyesi haisimami. Inakipaka vyumba vyote kwa mpangilio wa ramani yake, na kinaingia kwenye magurudumu, kwenye brashi, kwenye kila tundu. Ni janga linalojulikana kiasi kwamba kampuni ya iRobot ilipotoa roboti yake ya Roomba j7+ mwaka 2021 iliahidi kumbadilishia mteja mashine ikishindwa kukwepa kinyesi kigumu cha mnyama katika mwaka wa kwanza. Ahadi hiyo yenyewe inakuonyesha ukubwa wa tatizo. Zenye kamera mbele zimeboreka sana katika kutambua vitu sakafuni, ila kinyesi laini au mkojo usizitegemee. Kagua sakafu kwanza, ndipo ubonyeze.

Kuhusu kamera, fikiria pia faragha yenu. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa ndani ya nyumba za watu na roboti za majaribio zilivyovuja mtandaoni. Watu hao walikuwa wamekubali kujaribu mashine ambazo hazijaingia sokoni, lakini habari ile ilinifanya nichague inayotumia mwanga wa leza kuchora ramani, isiyo na kamera. Kwa hiyo yangu haiwezi kukwepa soksi na mipira ya Shaba, nami naokota hivyo vitu mwenyewe. Wewe na shemeji amueni lipi mnalipendelea.

Kwenye programu ya simu kuna sehemu ya kuweka mipaka ambayo roboti haivuki. Mpaka wa kwanza kabisa uweke kuzunguka bakuli la maji. Roboti hulisukuma, maji yanamwagika, manyoya yanalowa na kuwa uji unaoziba koo la mashine, na nyingi hazikutengenezwa kufyonza maji. Zulia lenye matamvua nalo lizungushie mpaka. Kama una zulia jeusi tititi, ijaribu kwanza: vihisi vya chini hutumia mwanga usioonekana kujua kama kuna shimo au ngazi mbele, na rangi nyeusi humeza mwanga huo, hivyo roboti nyingine hudhani imefika ukingoni na kukataa kupita.

Makochi, ngazi na kona kali zitabaki zako. Usiuze ile mashine ya kawaida ya kufyonza, utaihitaji kwa kochi hasa, kwa sababu najua Labrador ameshapewa ruhusa ya kupanda hata kama barua yako haikusema.

Kabla hujatoa pesa, nipimie mambo mawili uniandikie. La kwanza, nafasi iliyo chini ya kochi na chini ya kitanda. Zenye leza zina kinundu juu na nyingi hufika karibu sentimita 10, kwa hiyo uvungu wa sentimita 9 zitauzunguka tu bila kuingia, na huko ndiko manyoya yanakolala. La pili, kimo cha vizingiti kati ya vyumba. Nyingi hupanda kama sentimita 2, zaidi ya hapo zinakwama. Ukinipa vipimo hivyo nitakwambia zipi za kuziacha.

Na jina la mbwa hujaniambia. Mtoto amemchagulia lipi?

Msalimie shemeji, mwambie nampa pole ya chafya.

Mimi rafiki yako wa siku zote.