Barua kwa mwanangu: Pima mzigo kwa treni, usipime kwa meli

Majengo, Mombasa

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza niko jikoni, mara ya pili nimeketi kitako. Umeniuliza jambo moja tu: wewe na bwana'ko mchukue masanduku mawili makubwa, au kila mtu ajibebee begi lake dogo. Kwa simu ningekujibu "dogo" na mazungumzo yangeishia hapo, nawe ungefunga kubwa, kwa sababu nakujua. Kwa hivyo nakuandikia.

Njia mtakayopita naijua. Ndiyo tuliyopita mimi na kakako: treni kutoka kwako Köln, Ujerumani, hadi Basel ya Uswisi, Basel hadi Milano kule Italia, Milano hadi Genova, kisha meli ya kitalii siku saba katika bahari ya Mediterania na kushukia Genova pale pale, halafu treni tena hadi Venezia kabla ya kurudi nyumbani. Mtu akisikia safari hiyo anawaza meli. Mimi pia niliiwaza meli. Nilitoka hapa na sanduku la kilo 23 kwa kuwa ndege iliniruhusu kilo hizo, na nikajiambia meli ni kubwa, haitashindwa na sanduku la mwanamke mmoja. Sikuwaza kwamba kati ya ndege na meli kuna treni tatu, na kwenye treni hakuna wa kukubebea.

Melini kweli unabebewa. Unafika bandarini, sanduku lina karatasi yenye namba ya chumba, wachukuzi wanalichukua, na jioni unalikuta mlangoni pako. Lakini treni za kule usidhani ni kama stesheni yetu ya Miritini, ambako mizigo hupangwa mstari mbwa wakainusa, ikapitishwa kwenye mashine, na watu wakaketi kungoja. Kule hakuna anayekutazama. Unaingia stesheni moja kwa moja, unatafuta namba ya jukwaa kwenye bango, treni inasimama dakika chache, mlango una vidato, na sanduku unalipandisha wewe. Ndani, nafasi ya mizigo mikubwa iko karibu na milango nayo huwahi kujaa. Iliyobaki ni rafu ya juu ya kichwa chako. Kilo 23 juu ya kichwa chako, Rukia, na goti langu unalijua lilivyo.

Treni yetu ya kwanza ilichelewa, na tulipofika Basel ile ya Milano ilikuwa karibu kuondoka. Wenye mabegi ya mgongoni walitupita mbio wakaiwahi. Sisi tulifika jukwaani tukaona taa zake za nyuma. Tukasubiri nyingine, tena hiyo tukaipanda bila viti tulivyokuwa tumevilipia. Muda wote nilikuwa nimelikodolea macho sanduku langu pale mlangoni, kila stesheni nikiinuka kuhakikisha halijashuka na mtu. Milima ya Uswisi yote, theluji juu na ng'ombe chini, nimeisikia kwa kakako. Nilipita katikati yake nikitazama sanduku. Hilo linaniuma mpaka leo. Kama treni yenu itapita Gotthard, handaki lile ni la kilomita 57, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Mkitoka upande wa pili mtakuta hata mabango yamegeuka Kitaliano. Wewe kaa dirishani.

Venezia ndiko kulikonitoa machozi. Ukitoka stesheni ya Santa Lucia, mfereji mkubwa uko mbele yako, na hoteli yetu ilikuwa ng'ambo. Gari hakuna, magari yote yanaishia Piazzale Roma. Unavuka kwa Daraja la Scalzi, la mawe, unapanda vidato hadi juu kisha unateremka upande wa pili, na likiisha hilo kuna mengine madogo madogo, maana mji ule una madaraja zaidi ya 400 na mengi ni ya ngazi. Katikati ya daraja gurudumu la sanduku langu lilinasa ukingoni mwa kidato. Nikavuta. Likalia kama kijiti kikavu kinachovunjika, na kipande cheusi cha plastiki kikabingirika vidato vitatu, vinne, kikasimama penye kiatu cha mtu. Kakako hakusema neno. Alikaza mikanda ya begi lake mgongoni, akaliinua sanduku langu akalitia begani kama gunia la mchele, akapanda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku ile uzito wake niliuona shingoni mwa mwanangu, mishipa imemsimama, na ndani ya sanduku lile mlikuwa na jozi tatu za viatu nisizozivaa hata mara moja.

Basi jibu langu ni hili. Kila mtu na begi moja dogo, lisilozidi kilo nane, pamoja na kimkoba cha kuvaa mwilini. Likifungwa, lipime hivi: shuka nalo ngazi za nyumba yako kutoka ghorofa ya tatu, zunguka jengo, upande nalo tena bila kulitua njiani, mkono mmoja umeshika reli ya ngazi. Ukilitua, lifungue upunguze. Usimtegemee bwana'ko. Atakubebea, najua, ni mtu mwema, lakini atakuwa na lake.

Nguo sasa. Mtasafiri Mei, na bahari ile mwezi wa Mei mchana ni joto la kupendeza, usiku sitahani kuna upepo wa baridi. Koti zito la Köln liache Köln. Chukua nguo nyepesi za kuvaliana juu ya nyingine: blauzi nne, suruali mbili pana, dira moja zuri, sweta moja jembamba na koti la mvua linalokunjika likaingia kiganjani. Viatu jozi mbili, vile vizito uvivae njiani, usivitie begini. Jinzi moja ukiipenda sana, lakini ujue ikilowa haikauki siku mbili.

Kukauka ndiko kunakotakiwa, kwa sababu mtafua. Dobi wa meli anatoza kila kipande peke yake na bei zake hazina huruma. Fua usiku katika sinki la chooni, nguo mbili tatu tu. Ikamue kwa mkono, kisha itandaze juu ya taulo kavu la meli, uikunje taulo pamoja na nguo kama unavyokunja mkeka, halafu uisonge kwa nguvu, upande huku na upande huku. Taulo litakunywa maji yote. Katika bafu za meli nyingi mna kamba ndogo iliyojificha ndani ya kiduara ukutani, unaivuta hadi ukuta wa pili. Anika hapo, asubuhi nguo imekauka. Hili nilifundishwa na mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa akisafisha vyumba vyetu, na laiti ningelijua kabla ya kufunga madira manane.

Pasi ya kunyooshea nguo usichukue. Yangu mashine iliiona pale bandarini, wakaitoa, wakanipa risiti, nikaipata siku ya kushuka. Meli haziruhusu pasi wala birika la umeme vyumbani kwa kuogopa moto, na moto baharini hauna pa kukimbilia. Nguo zikunje kwa kuviringa. Zikipata mikunjo, zitundike bafuni ukiwa unaoga kwa maji moto, mvuke utazinyoosha. Kuta za vyumba vya meli kwa kawaida ni za chuma, kwa hivyo vikulabu vinne vya sumaku vitawasaidia kuliko kabati. Chumba chenyewe ni kidogo. Chetu tukifungua sanduku langu sakafuni, kakako ilimbidi apite juu ya kitanda kwenda chooni.

Usiwe na wasiwasi na ule usiku wa mavazi rasmi. Watakuonyesha picha za wanawake wa magauni ya kuburura. Dira lako la hariri na mtandio vinatosha. Bwana'ko asinunue suti, aje na kanzu yake nyeupe na koti, vikunjwe pamoja. Kakako alivaa hivyo hivyo, na sikuona mwanamume aliyependeza kumshinda ukumbini.

Jambo la chooni nitalisema waziwazi, maana wengine hulionea haya kisha wakataabika. Italia, hotelini, mtakuta bideti, lile beseni la kutawadhia. Melini sisi hatukuikuta, wala treni hazina. Chukua chupa laini ya plastiki, ile ya kubinya, ikiwa tupu haina uzito.

Dawa, na hasa pampu yako ya pumu, isitoke mwilini mwako. Siku ya kupanda meli ukikabidhi begi unaweza kulikosa hadi usiku. Lakini mkiwa na mabegi madogo hamtakabidhi chochote, mtaingia nayo wenyewe mpaka chumbani. Na siku ya kushuka ndipo utakaponishukuru. Wenye masanduku makubwa wanaambiwa usiku wa mwisho wayatoe nje ya milango, yachukuliwe. Tulimwona bwana mmoja wa makamo asubuhi ile amevaa suruali ya kulalia na viatu vya ngozi, kila kitu chake kimekwenda na sanduku. Mkewe alikuwa amemzungushia shali, wote wawili wamenyamaza, nami niliwahurumia sana. Mwenye begi dogo anashuka nalo mwenyewe, miongoni mwa watu wa kwanza. Pale Genova stesheni ya Piazza Principe iko karibu kabisa na bandari ya abiria, unakwenda kwa miguu, kijilima kidogo tu. Sisi tulikaa ukumbini kutafuta sanduku langu kati ya mamia yaliyofanana, na treni ya asubuhi ikatuacha.

Kuhusu karatasi, wewe kibali chako cha kuishi Ujerumani pamoja na pasipoti vinakutosha Italia, Malta, Uhispania na Ufaransa. Bwana'ko atakuja na viza ya Schengen, ile moja ya nchi za Ulaya zilizoungana mipaka, naye aangalie imeandikwa anaruhusiwa kuingia mara ngapi. Njia yenu yote iko ndani ya Schengen, lakini kampuni ikibadilisha bandari mkapelekwa Tunis, au Kotor kule Montenegro, atakuwa ametoka, na kurudi kutahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Aiombe hiyo tangu mwanzo. Chaja zake za pini tatu aziache huku, atumie zako.

Zawadi msinunue njiani. Mkitaka, nunueni Venezia siku ya mwisho, na kiwe kitu cha kuingia mfukoni. Na viungo vya pilau ulivyoniomba bwana'ko atakuja navyo, lakini vibaki Köln. Mimi vyangu nilivizungusha Mediterania nzima, pakiti haikufunguliwa.

Nikikuandikia haya nimemkumbuka marehemu babu yako. Wewe hukumwahi. Alikuwa baharia wa jahazi, akienda Maskati na kusi, akirudi na kaskazi, miezi mingi hatumwoni. Kikapu chake cha ukili kilikuwa kikitundikwa msumarini nyuma ya mlango: vikoi viwili, kanzu moja, msala, mswaki, sindano na uzi. Mamangu akitaka kumwongezea kitu, alikuwa akikitoa na kukiweka juu ya kitanda bila kugombana naye. Nilikuwa mdogo, nikidhani ni umaskini. Sasa nadhani alikuwa akijua kitu ambacho mimi nimekijua juu ya daraja la Scalzi.

Leso ndiyo pekee ambayo sitakuambia upunguze. Nimempa bwana'ko doti mbili akuletee, nimezipinda upindo kwa mkono wangu. Utajifunika kwenye treni baridi ikizidi. Utajitandia ukiingia makanisa ya Roma, maana hawaruhusu mabega wazi, na meli yenu itatia nanga Civitavecchia, safari ya kama saa moja kwa treni hadi mjini. Utaswalia juu yake, utaitandika mchangani, utaifanya taulo, na nguo chafu za kurudi nazo utazifunga humo humo furushi. Nazo hazina uzito wa kukusumbua.

Wasalimie majirani zako, na bwana'ko akifika umlishe kwanza kabla hujamtuma kupima begi. Siku mkishuka Genova nitumieni picha mkiwa stesheni, mabegi yakiwa mgongoni. Nitaitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Mamako anayekupenda