Mheshimiwa Waziri, tulitoa damu, bado tunasubiri majibu

Kwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Uganda,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Busia, upande wetu wa mpaka, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya forodha na ya stendi ya bodaboda. Mimi ni mjumbe wa timu ya afya ya kijiji. Kazi zetu unazijua, maana daftari tunalojaza linatoka kwenu: kuhesabu watoto, kuwasukuma wajawazito waende kliniki, kufuatilia wanaoacha dawa. Kuna kazi nyingine haimo daftarini. Wakija watafiti na karatasi zao za Kiingereza, mimi ndiye ninayeitwa nikalimani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye benchi la wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja, pamoja na mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa. Msaidizi wa utafiti alikuwa na karatasi kumi na moja zimebanwa pini kwenye kona. Alipofika mahali pa kueleza kwamba kompyuta ndiyo itakayoamua mtoto apewe dawa ipi, nilikwama. Nikasema, "Watapiga kura." Yule mama akanitazama. "Kura ya nani na nani, dada?" Nikarudi nyuma, nikamwambia ni kama kuingiza mkono kwenye gunia la karanga gizani, hachagui mtu, hata daktari mwenyewe hachagui. Hapo akaelewa. Akachovya dole gumba kwenye wino, akabandika, akalifuta kwenye leso yake, na alama ya zambarau ikabaki juu ya ua la njano.

Mtoto alipona. Tangu siku hiyo kila tunapokutana sokoni ananiuliza swali lilelile: "Dada, majibu yalitoka?"

Wewe ni daktari, Mheshimiwa, lakini naomba ulisikie neno hilo kama tunavyolisikia sisi. Kwetu mtu akitolewa damu hospitalini haondoki. Anakaa pale nje ya maabara, njaa ikimuuma, mpaka aitwe jina apewe majibu. Majibu yakiwa mabaya atalia, yakiwa mazuri atakwenda zake, ila hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Sasa utafiti unachukua damu, unachukua kipimo cha mkono na kipande cha nyama, unauliza maswali mpaka ya chumbani, kisha gari linaondoka. Tunarudishiwa nauli na mche wa sabuni. Majibu yanakwenda kwenye majarida na mikutano ya mahoteli.

Wala majibu hayo si madogo. Naomba nikae kidogo kwenye moja.

Huku kwetu mgonjwa asipowekewa dripu watu husema hajatibiwa. Mwaka jana baba mmoja wa kijiji changu alimtoa mwanawe kwenye kituo cha afya cha serikali kwa sababu muuguzi alimpa dawa ya malaria lakini hakumning'inizia chupa. Akampeleka kliniki ya kulipia. Huko wakamning'inizia chupa ya kwanza, ikaisha upesi, wakaweka ya pili. Nilikwenda kumwona jioni, nikamkuta baba ameridhika kabisa, ameketi chini ya ile chupa kama mtu anayechunga ng'ombe wake. Mtoto alirudi nyumbani kope zimevimba. Alipona, na mimi si daktari, siwezi kusema ni dripu iliyomvimbisha. Nilichoweza ni kumwambia mpwa wangu anayesomea uuguzi. Akafungua simu yake akaanza kunisomea.

Aliyonisomea yalikuwa matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa upande wetu ni hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Walifika hospitalini na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki sawasawa. Kwa kura ileile ya gunia la karanga, baadhi yao walimiminiwa maji mengi ya mshipani ndani ya saa ya kwanza, kama vitabu vilivyokuwa vikifundisha, na wengine hawakumiminiwa, walipewa maji kidogo kidogo tu ya kuwashikilia. Wengi walitarajia waliomiminiwa ndio wangepona zaidi. Ikawa kinyume. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa, kumi na nusu hivi walikufa ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa walikuwa 7.3. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Mpwa wangu alinisisitizia kwamba watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo hawakuwamo, hao wana utaratibu wao, na nimeliandika hilo ili mtu asije akamnyima maji mtoto anayekauka kwa kuhara.

Nilinyamaza. Mbale si mbali na hapa. Watoto wa majirani zetu ndio waliouonya ulimwengu kuhusu maji yale, halafu karibu miaka kumi na tano baadaye baba mmoja wa Busia analipa pesa ya mahindi yake ili mwanawe amiminiwe. Muuguzi wa kituo hakuwa mzembe. Huenda alikuwa sahihi kuliko wote, ila hakuwa na maneno ya kumweleza baba yule, wala mimi sikuwa nayo.

La pili ni la meno, na hili linaniuma zaidi kwa sababu meno huku hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Mtoto wa jirani, umri wa miaka sita, gego lilianza kutikisika. Wiki hiyohiyo taya likavimba. Bibi yake akasema ni jino bovu, wakampeleka kwa mng'oa meno, gego likang'olewa. Uvimbe haukupungua, ukapanda mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Bahati yake alipitia huku daktari wa meno wa serikali, akamtazama mdomoni, akaandika barua ya Mulago palepale, na kumwambia mama asilale njiani. Leo mtoto yuko shuleni, amekosa meno mawili tu.

Ugonjwa ule una jina, unaitwa limfoma ya Burkitt, na jina hilo limetoka kwetu. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini Mulago kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 akaandika kuhusu watoto wa namna hiyo. Baadaye vipande vya uvimbe vikapandishwa ndege kutoka Uganda kwenda London, na mwaka 1964 wataalamu wa huko wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kinajulikana dunia nzima kwa majina ya Epstein na Barr. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967, na uvimbe huu wa watoto ulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa. Ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, lakini ikiwahiwa husikia dawa. Hayo yamejulikana tangu kabla sijazaliwa. Fungua daftari la mjumbe wa afya ya kijiji, Mheshimiwa. Homa imo, kikohozi kimo, kuharisha kumo. Taya halimo.

Na wakati gego la mtoto wa miaka sita linapuuzwa, fizi za mtoto wa miezi sita zinachokonolewa. Unajua ninasema nini: ebino, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka huita meno ya plastiki. Mtoto akipata homa na kuhara, mtu anaonyesha vijivimbe vyeupe kwenye ufizi, anasema hao ndio wadudu, anavitoa kwa spoku ya baiskeli. Madaktari wa meno wameeleza miaka mingi kwamba vijivimbe vile ni machipukizi ya chonge, na kwamba spoku ile huleta pepopunda, sumu ya damu na upungufu wa damu. Wameeleza kwa Kiingereza kizuri sana.

Sisemi habari haitufikii kabisa. Mwaka 2024 tulisikia redioni kuhusu sindano ya lenakapaviri inayochomwa mara mbili kwa mwaka, kwamba katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano ile aliyepata virusi vya UKIMWI. Habari ya utafiti wa Rakai, kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kupata virusi hivyo, ilifika mpaka kwenye vijiwe vya bodaboda, tena kwa mizaha. Ile ya dawa ya nevirapini ya mwaka 1999, iliyopunguza karibu nusu ya maambukizi ya mama kwa mtoto, mama zetu walivimeza vidonge vyake. Kukiwa na dawa ya kugawa, habari hupata gari la kuletwa. Matokeo yanayosema "msifanye hivi", au "jino hili litazameni mara mbili", hayana gari.

Nimewahi kumuuliza mtafiti mmoja. Kijana mpole, alinijibu bila hasira: uchambuzi huchukua miaka, fedha za mradi zinakuwa zimekwisha, na washiriki wamehama, na matokeo ya utafiti mmoja yakitangazwa kijijini kabla hayajapimwa na mengine yanaweza kupotosha watu. Nampa haki yake, hasa hilo la mwisho. Lakini Azimio la Helsinki, mwongozo wa utafiti kwa binadamu ambao madaktari wenyewe waliuandika kupitia Chama cha Madaktari Duniani, linasema wazi kwamba washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti. Na fedha zilikwisha baada ya kulipia nini? Waliweza kupata nauli ya kumfuata mama yule nyumbani kwake mara nne, wakitafuta damu.

Ninachokuomba kinaanzia kwenye kibali. Najua Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia haliko chini ya wizara yako, lakini hospitali ziko, na kamati za maadili nyingine zimekaa ndani ya hospitali hizo. Agiza kwamba mtafiti asiyeonyesha kwenye bajeti yake fungu la kurudisha majibu asifunguliwe mlango wa wodi. Karatasi moja inatosha, iandikwe kwa lugha ya mahali: Lusamia, Ateso, Lumasaba, na Kiswahili kwa sisi wa mpakani. Baraza la Mawaziri uliloketi ndani yake liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, basi kianze kazi mahali penye faida. Isomwe asubuhi pale nje, wagonjwa wanaposubiri foleni, maana ndipo watu wanaposikiliza kwa dhati, hawana pa kwenda. Tupeni na sisi wajumbe nakala, mtutume. Sisi ndio tunaoaminiwa mlangoni, na tukiulizwa swali tusilolijua tuwe na nambari ya kupiga.

Tafsiri isifanywe Kampala na mtu mmoja na kamusi. Tuiteni sisi tunaokaa kwenye mabenchi. Nina maneno mengi niliyoyajaribu yakakataa, na machache yaliyokubali.

Na kabla hata ya hayo, ongeza mstari mmoja kwenye daftari letu: mtoto mwenye jino linalotikisika kabla ya wakati wake, au taya lililovimba upesi, apelekwe kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Mstari huo hauhitaji mfadhili.

Yule mama wa leso anauza mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, karibu na stendi. Mtoto wake sasa anampita kimo. Ukimtuma mtu kutoka wizarani na karatasi ya majibu, aulize stendi, watamwelekeza kwangu, nami nitampeleka mpaka kwenye meza yake.

Wako katika kazi,
Mjumbe wa timu ya afya ya kijiji,
Busia, Uganda.