Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Kijiji cha Champagney na Ibara ya 29

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wazee wetu mliotoka Kivinje na Kisiwani, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi leo, tarehe 23 Agosti, siku ambayo UNESCO imeitenga kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Karibu sana Kilwa, karibu shuleni kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Risala za klabu tunazijua: huanza na idadi ya wanachama na kuishia kwenye shida. Shida tutazitaja, usiwe na wasiwasi. Ila kwanza tunaomba utuvumilie tukupeleke mbali kidogo, mpaka kijiji kimoja cha Ufaransa ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Kinaitwa Champagney, na wenyewe hutamka "Shampanye". Hakihusiani na kile kinywaji cha harusi za wenye nazo. Hicho kinatoka jimbo jingine. Mwalimu wetu wa historia, aliyepata kusoma Kifaransa, ndiye aliyetuletea habari zake muhula uliopita, na tangu hapo klabu haijazungumza jambo jingine.

Champagney kiko mashariki mwa Ufaransa, katika wilaya kubwa iitwayo Haute-Saône, chini ya milima ya Vosges, kando ya mto Rahin. Wakazi wake hawafiki 4,000. Ni nchi ya misitu, ng'ombe wa maziwa na theluji. Chini ya ardhi kulikuwa na makaa ya mawe, yaliyochimbwa tangu karne ya 18 hadi migodi ilipofungwa mwaka 1958. Watalii wengi wanaofika upande huo huenda kijiji jirani cha Ronchamp, kuona kanisa lililojengwa kilimani na msanifu majengo Le Corbusier mwaka 1955. Bahari haipo. Bandari zilizotajirika kwa meli za watumwa, yaani Nantes, Bordeaux na La Rochelle, ziko upande wa pili kabisa wa nchi. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotushangaza: watu tunaotaka kukusimulia habari zao walikuwa wakulima, wakata kuni na wachimba makaa, na huenda wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mweusi uso kwa uso, achilia mbali meli.

Sisi, Mheshimiwa, meli tulizijua. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia nanga hapa Kilwa, akaandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Katika mkataba huo Sultani aliahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20 (sarafu ya fedha ya wakati huo), na juu ya kila kichwa zawadi ya piasta 2 kwa Sultani mwenyewe. Mkataba ulikuwa wa miaka 100. Waliopakiwa walipelekwa Île de France, ambayo leo tunaiita Morisi, na Île Bourbon, ambayo leo ni Réunion, wakalime miwa na kahawa. Mwanachama mmoja aliposoma hesabu hiyo kwa sauti darasani, aliuliza piasta 2 ni shilingi ngapi. Hakuna aliyeweza kumjibu, na kwa kweli hakuna aliyetaka kupiga hesabu.

Sasa shika mwaka huo, 1776, uhesabu mbele miaka 13.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mapema mwaka 1789 Mfalme Louis wa 16 alikuwa ameishiwa fedha. Akaitisha mkutano mkuu wa matabaka matatu ya nchi yake, na kabla ya mkutano akataka kila mahali watu wakae waandike malalamiko na maombi yao. Yakaandikwa madaftari kiasi cha 60,000. Ukiyasoma, ni kama kukaa kwenye mkutano wa kijiji popote pale: kodi ni nyingi, chumvi ni ghali, msitu umefungwa watu wakose kuni, njiwa wa bwana mkubwa wanakula mbegu za watu shambani na hakuna ruhusa ya kuwagusa. (Hapa kwetu ni ngedere na nguruwe pori, lakini hao angalau unaruhusiwa kuwafukuza.) Baridi ya mwaka huo ilikuwa kali mno, mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya, na mkate ulikuwa umepanda bei. Katika jimbo lao la Franche-Comté walikuwapo bado wakulima waliofungwa na sheria za zamani za ubwana, ambao mmoja wao akifa bila mtoto anayeishi naye, mali yake inachukuliwa na bwana.

Watu wa Champagney nao walikutana, wakaandika yao. Daftari lao lina tarehe 19 Machi 1789. Wakapanga ibara moja baada ya nyingine, mpaka walipofika ya 29, wakaacha habari zao wenyewe na kuandika habari za watu walioko ng'ambo ya bahari.

Tumejitahidi kuielewa ibara hiyo pamoja na mwalimu, na tunakueleza kwa maneno yetu. Wanasema wao, wakazi na jumuiya ya Champagney, hawawezi kufikiria mateso wanayoyapata watu weusi katika makoloni bila mioyo yao kuchomwa na uchungu mkali, wakiwaona binadamu wenzao wakitendewa ukatili kuliko wanyama wa mizigo. Wanasema hawaamini kwamba mtu angeweza kuyatumia mazao ya makoloni hayo kama angetafakari kuwa yamemwagiliwa damu ya binadamu wenzake. Kisha wanasema jambo ambalo lilinyamazisha darasa letu: wanaogopa vizazi vijavyo, vitakavyokuwa na mwanga zaidi, visije vikawashtaki Wafaransa wa karne ile kwamba walikuwa wala watu. Na mwishoni wanamwomba mfalme, kwa unyenyekevu, atafute njia ya kuwafanya watumwa hao wawe raia wenye manufaa kwa ufalme na kwa nchi.

Wala watu! Sisi watoto wa pwani tumekuzwa na visa vya mumiani, kwamba kuna wageni wanaotafuta damu. Tulidhani ni hofu yetu peke yetu. Kumbe kulikuwa na wakulima wa Kifaransa waliokaa wakatazama kikombe cha kahawa na donge la sukari, wakaona kitu hichohicho, na wakajiona wao wenyewe ndio mumiani.

Walijuaje? Hapo pana masimulizi. Inaelezwa kwamba ndani ya kanisa lao palikuwa na mchoro wa mamajusi watatu wakimsujudia mtoto Yesu, na mmoja wao, Balthazar, amechorwa mweusi. Kijana wa kijijini hapo, Jacques-Antoine Priqueler, aliyekuwa askari katika walinzi wa mfalme, aliporudi nyumbani aliwaonyesha wenzake mchoro ule, akawaambia kuwa watu wanaofanana na mfalme yule ndio wanaouzwa na kuchapwa viboko. Mjini Paris wakati huo kilikuwapo Chama cha Marafiki wa Watu Weusi, kilichoanzishwa mwaka 1788, na kilikuwa kikiwasihi waandishi wa madaftari wasiwasahau watumwa. Huenda Priqueler aliyasikia hayo huko. Madaftari yaliyoitika ni machache sana, na mengi ya hayo machache yalitoka kwa watu wa mijini waliosoma. Ya wanakijiji kama hawa ni ya kutafuta kwa tochi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukuja kuwapamba. Klabu yetu iligawanyika vibaya juu ya ibara hii, na mjadala uliendelea mpaka kengele ya chakula ikalia bila mtu kuinuka. Dada mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza: "Raia wenye manufaa, kwa nani?" Akatuonyesha kwamba hawakuandika neno la kuwaachia watu huru kesho asubuhi. Mwingine akaongeza kuwa ibara inawaita watumwa ndugu kwa kifungo cha dini pia. Je, Wayao na Wamakua waliopakiwa hapa Kilwa, ambao hawakuwa Wakristo, walikuwa ndugu wa nani? Maswali hayo ni halali, na mpaka leo hatujayamaliza. Upande wa pili ukajibu kuwa mtoto wa miaka 10 aliyepakiwa Kilwa mwaka wa mkataba wa Morice alikuwa na miaka 23 siku ile ibara inaandikwa, yuko katikati ya miwa, na katika Ufaransa nzima waliomkumbuka bila kutafuta faida yoyote walikuwa ni wa kuhesabika. Sisi tulioandika risala hii tuko upande huo wa pili. Yule dada yuko hapa mstari wa mbele na bado hajakubali.

Yaliyofuata tutayapitia haraka, maana yako vitabuni. Watumwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, hawakumsubiri mfalme. Waliinuka wenyewe usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti 1791, na ndiyo sababu ya tarehe ya leo. Tarehe 4 Februari 1794 Bunge la Mapinduzi mjini Paris likafuta utumwa. Wajumbe waliopeleka amri hiyo Île de France mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi, wakarudishwa melini, kwa hiyo watu waliotoka kwetu hawakuuonja hata huo uhuru wa muda. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Toussaint Louverture, kiongozi wa Saint-Domingue, alikamatwa akafungwa katika ngome ya Joux, akafia humo tarehe 7 Aprili 1803 katika baridi asiyoizoea. Ngome hiyo iko jimbo lilelile la Franche-Comté. Jimbo moja linabeba daftari la wanakijiji na gereza la Toussaint. Leo kuna njia ya kumbukumbu inayoviunganisha vyote viwili, pamoja na nyumba ya Victor Schoelcher kule Fessenheim, yule aliyesimamia amri ya mwisho ya kufuta utumwa, tarehe 27 Aprili 1848. Réunion ilitangaziwa uhuru tarehe 20 Desemba mwaka huo, na zaidi ya watu 60,000 wakatoka utumwani. Wangapi kati yao walikuwa na bibi au babu aliyepakiwa Kilwa? Tungetoa chochote kujua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sehemu ya hadithi hii iliyotugusa kuliko zote haihusu mwaka 1789. Inahusu mwaka 1971, pale mtu mmoja wa Champagney, René Simonin, alipoona kwamba kijiji kina hazina kwenye karatasi na hakina habari nayo. Akaanzisha nyumba ya makumbusho, ikaitwa Nyumba ya Négritude (yaani fahari ya kuwa mtu mweusi) na Haki za Binadamu, na Rais Léopold Sédar Senghor wa Senegal akakubali kuwa mlezi wake. Hebu fikiria: kijiji cha ng'ombe na makaa ya mawe, na mlezi wa makumbusho yake ni rais wa nchi ya Afrika Magharibi. Migodi ilikuwa imekwisha kufungwa. Wangeweza kujivunia mgodi wao tu, au kuishi kwa kivuli cha kanisa la jirani. Wakachagua ibara moja iliyoandikwa na babu zao, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda kuisoma.

Sisi urithi wa mawe tunao. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kila mwanafunzi hapa anaweza kukueleza Msikiti Mkuu umeanzia wapi na umeishia wapi. Karatasi pia zipo, lakini ni za Masultani na wanunuzi. Maneno ya watu wa kawaida hayamo. Yamo vichwani mwa wazee wetu waliokaa hapa mbele, kwenye majina ya mitaa, kwenye nyimbo za ngoma, na kwenye yale mambo ambayo bibi huyaanza halafu akanyamaza mgeni anapoingia.

Klabu yetu ina wanachama 34, daftari mbili za mahojiano na simu moja ya mwalimu, ambayo hujaa katikati ya mazungumzo. Tumewahoji wazee sita. Shida zetu basi, kama tulivyoahidi, ni hizi. Tunaomba kinasa sauti kimoja cha kuaminika. Tunaomba nauli ya boti kwenda Kisiwani mara nne kwa muhula, wanafunzi wanane na mwalimu mmoja. Na tunaomba utusaidie kuandika barua kwa wanaohusika ili shule ipate nakala ya ule mkataba wa 1776, tuutundike maktaba karibu na tafsiri yetu ya ibara ya 29, ambayo tayari tumeiandika kwa mkono na utaiona ukipita kukagua.

Jambo la boti ndilo la haraka kuliko yote. Yuko bibi mmoja Kisiwani aliyekubali kutuimbia wimbo aliofundishwa na nyanya yake, lakini ametuonya kuwa msimu wa korosho ukianza tusimtafute, atakuwa ng'ambo shambani. Imebaki miezi miwili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Historia