Risala ya Kikundi cha Wakusanyaji wa Sarafu na Noti kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti,
Wageni waalikwa na wanachama wenzetu,
Mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kwa kufika saa ile ile iliyoandikwa kwenye barua, jambo ambalo kikundi hiki hakijalizoea.

Kikundi kilianza na watu watano waliokuwa wakibadilishana sarafu juu ya meza moja, kila mmoja na kopo lake. Leo tuna wanachama ishirini na watatu. Tumefanya maonyesho mawili yaliyofurika watu, hata waliokosa viti walisimama mlangoni, na tumeandika daftari linaloonyesha kila sarafu, mwaka wake, madini yake na jinsi ilivyotufikia. Vijana wetu sasa wanajua kwamba sarafu za mwanzo kabisa zilitengenezwa Lidia, katika eneo ambalo leo ni Uturuki, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, kwa mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Kwamba China ilitangulia wote katika pesa ya karatasi. Na kwamba benki moja ya Stockholm ilitoa noti za kwanza za Ulaya mwaka 1661, ikachapa nyingi kupita uwezo wake, na wenye noti walipokwenda kudai fedha zao ikashindwa kuwalipa. Mfano huo tunauhifadhi, kwa kuwa tutauhitaji mbele kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida yetu ni moja, nayo ni kabati.

Mkusanyiko wote unakaa katika kabati la mbao zilizobanwa kwa gundi, ambazo hutoa mvuke unaochafua madini taratibu, na sarafu nyingi bado zimo katika vifuko vya plastiki laini ya PVC tulivyonunua kabla ya kujua madhara yake. Plastiki hiyo ikizeeka hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Kuna sarafu yetu moja ya shaba ambayo mwaka juzi sura ya mfalme ilionekana hadi nywele. Leo shavu lote limefunikwa na ute huo, na tunapoufuta kwa asetoni tunakuta chini yake vishimo ambavyo hakuna dawa ya kuvijaza. Noti nazo zimeanza kutoa madoa ya kahawia kwa sababu ya unyevu, hasa pale zilipokunjwa, na moja ina alama ya kutu ya kibanio ambacho mwenyewe wa kwanza alikisahau.

Mwanachama mmoja, kwa kutaka kumpendeza mgeni rasmi wa mwaka jana, alisugua sarafu ya fedha kwa dawa ya meno. Iling'aa kweli, na mgeni akaisifu, lakini ile ngozi ya kijivu iliyojengwa na miaka mingi imeondoka na mikwaruzo haitoki. Tangu siku hiyo ni mwiko kusafisha sarafu kwa ajili ya ugeni, na ndiyo maana utakazoziona leo ni nyeusinyeusi. Tunaomba usituhesabie kuwa ni uvivu.

Tunachoomba ni kabati la chuma lililopakwa rangi ya kuokwa, yaani iliyokaushwa kwa joto la tanuri, lenye droo za kina kifupi na kufuli. Vifuko vya plastiki angavu ya poliesta kwa ajili ya noti na vishikizo vya karatasi isiyo na asidi kwa ajili ya sarafu. Chembe za silika za kufyonza unyevu. Na kipimo cha unyevu, ili tuweze kuuzuia usipite asilimia 50. Glavu za pamba tumejinunulia wenyewe.

Ombi hili si geni. Wageni rasmi watatu waliokutangulia walilisikia, wakalipokea kwa moyo mkunjufu, na wote waliahidi. Mmoja wao, ambaye tunamheshimu sana, alimtuma mtu na futi ya kupimia. Vipimo aliviandika kwa penseli ukutani, nyuma ya mlango, na tumewakataza wachoraji wasivifute, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya kabati hilo iliyokwisha kufika.

Mheshimiwa, noti kwa asili yake ni ahadi ya kulipa iliyoandikwa, yenye kiasi, tarehe na sahihi ya anayewajibika. Sisi tumekusanya noti nyingi ambazo benki zake zilikufa bila kulipa, na tunazitunza kwa upendo, lakini ahadi za aina hiyo zimetutosha. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba neno lolote utakalotupa leo uliandike katika kitabu cha wageni, pamoja na tarehe ya kabati kufika. Ukurasa tumeuacha wazi, na kalamu ipo mezani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama