Drili si mashine ya kuzungushia mshipi

Kila msimu wa trauti lalamiko ni lile lile. Kuvisha rili (gurudumu la kukunjia mshipi kwenye fimbo) mshipi mpya wa inzi, yaani ule wa kurushia inzi bandia, tunatoza shilingi 800, lakini mteja akileta mshipi alioujaza nyumbani tunamwambia 2,000. Anaona ameibiwa: "Si mshipi ni huo huo?" Hapana. Mpya unatoka kwenye bobini ya kiwandani ukiwa haujasokoteka. Wa pili umeshajaa misokoto, na kuiondoa ni kazi ya subira ambayo haina hakika ya kufaulu.

Hatuna ugomvi na vifaa vya kujitengenezea vya kuzungushia mshipi. Vingine tunavyoonyeshwa vimeundwa vizuri kuliko vya dukani. Ugomvi wetu ni na drili inayofungwa kwenye rili ili kuizungusha.

Hesabu ni nyepesi. Rili yenye kipenyo cha sentimita 7 hula sentimita 22 kwa kila mzunguko. Drili ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, mshipi wote wa mita 27 unaisha kwa sekunde kama 7. Hakuna kidole kinachoweza kuutandaza sawasawa kwa kasi hiyo. Unajirundika upande mmoja, na ukiubana kwa kitambaa kikavu msuguano unaunguza gamba lake la PVC. Kisha unaachia kitufe: rili inasimama, bobini inayotoa mshipi inaendelea kuzunguka, na unabaki na kiota sakafuni. Tuliletewa mmoja ambao kitanzi chake cha kiwandani kilikuwa kimeng'oka kabisa, kwa sababu drili haijui mshipi umekwama.

Kosa la pili halihitaji hata umeme. Mtu analaza bobini mezani na kuvuta mshipi kwa ubavu. Kila duara linalotoka hivyo huacha msokoto mmoja. Bobini ya kipenyo cha sentimita 12 inakupa misokoto karibu 70 kwa mshipi mmoja, halafu unakuja kutuuliza kwa nini unajifunga mafundo ukiwa mto Thego. Bobini lazima izunguke juu ya ekseli.

Kwa hiyo kifaa kizuri ni ekseli na breki. Kasi haina kazi hapa. Chukua ubao wa plaiwudi wa milimita 18, upana sentimita 15, urefu 40, na usimamishe nguzo mbili za mbao. Toboa kila nguzo tundu la milimita 22 uingize beringi ya 608, ile ya viatu vya magurudumu. Tundu lake la ndani ni milimita 8, kwa hiyo rodi yenye nyuzi ya M8 inapita bila kucheza. Matundu ya bobini za kiwandani hayalingani, basi usihangaike kutafuta saizi: weka vizibo viwili vya mpira vyenye umbo la pia, kimoja kila upande, uvibane kwa washa na nati. Kubana huko kuna faida nyingine. Bobini hizo ni vipande viwili vilivyobanishwa, na dakroni (uzi wa akiba unaokaa chini ya mshipi kwenye rili) ikijazwa kwa nguvu huvipasua katikati. Nje ya nguzo funga nati mbili zikandamizane, maana moja peke yake hujifungua ukigeuza upande wa kuzungusha. Mkono wa kuzungushia ni kipande cha chuma bapa cha sentimita 10.

Breki ni kipande cha ngozi ya kiatu, springi na nati yenye masikio, kwenye ekseli inayotoa mshipi. Ijaribu kwa mzani wa samaki: nusu kilo hivi kwa dakroni, gramu 100 kwa mshipi wenyewe. Bobini inavyopungua, mvuto unaongezeka, kwa hiyo legeza kidogo kila baada ya muda. Dakroni ikiwa legevu, mshipi hujichimbia ndani yake na kukwama samaki anapokimbia. Kwenye mto Burguret, ambako unarusha mita 8, huenda usiione dakroni mwaka mzima. Anayevua sulisuli Watamu ataiona siku ya kwanza.

Tengeneza ngoma mbili za kuhifadhia, sio moja. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ili ujue kiasi cha dakroni bila kubahatisha, anza kwa kuweka mshipi kwenye rili, ncha ya mbele ndani, kisha jaza dakroni juu yake hadi zibaki milimita 4 chini ya nguzo za rili, ukate. Sasa hamishia vyote ngoma ya kwanza, kutoka hapo ngoma ya pili, ndipo urudishe kwenye rili. Ukiwa na ngoma moja, dakroni itabaki juu tena. Kopo la rangi la lita 4 linafaa, kwa sababu upana wake haukunji mshipi sana, lakini funika ukingo wake kwa tepu. Ukingo mtupu hukwaruza gamba.

Ncha nazo huchanganywa. Sehemu nene, mita 9 hadi 12, lazima iwe mbele. Mteja mmoja alitaka kuuza fimbo yake "iliyokufa", na fimbo ilikuwa nzima. Mshipi ndio uliovishwa kinyume.

Ukituletea rili, sema unazungusha kwa mkono upi, maana breki za rili nyingi hukamata upande mmoja tu. Kama mshipi umeshasokoteka, kabla ya kuja jaribu hili: toa lida (uzi mwembamba unaounganisha mshipi na inzi) na inzi, achia mshipi wote uvutwe na mkondo kwa dakika 5, kisha urudishe taratibu ukiupitisha kwenye kitambaa chenye unyevu. Ukinyooka, 2,000 zako zimebaki mfukoni.